Namna ya kuomba michango ana kwa ana na kuaminika

Mratibu_Nyamagana

Habari za wakati huu wanajukwaa. Ninaratibu chama kidogo cha wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa seli mundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Mwanza. Chama kimesajiliwa, kina akaunti ya benki, na kazi yake kubwa ni kuwalipia nauli na dawa wazazi ambao vinginevyo wangeshindwa kuwafikisha watoto wao kliniki ya hospitali ya Bugando kwa tarehe walizopangiwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, takriban 11,000 kila mwaka, lakini wengi tunaokutana nao mitaani hawajawahi kuusikia.

Kwa kuwa wafadhili tuliowategemea wamepungua, vijana wetu wa kujitolea wameanza kupita madukani, stendi na maofisini wakiwa wamevaa fulana za chama na kubeba sanduku. Wengi hukatizwa kabla hawajamaliza sentensi ya pili, wengine huitwa matapeli mbele za watu, na wanaosikilizwa huambulia sarafu za mia na mia mbili. Jioni wanarudi wamevunjika moyo. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii: tuanze kwa kusema nini, tuombe kiasi gani, na tufanye nini ili tuaminiwe?

Mama_wa_Kamati

Ndugu Mratibu, pole na hongera kwa kazi. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba sanduku mliweke pembeni. Mtu akiliona sanduku lenye tundu juu, mkono unakwenda wenyewe mfukoni kutafuta sarafu, kwa sababu sanduku limekwisha kumwambia kiasi kinachotarajiwa, na akishatumbukiza sarafu yake hakuna anayejua jina lake wala yeye hajui fedha imekwenda wapi.

Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na za misiba, na ninyi nyote mnajua kwamba mtu yuleyule anayempa kijana wako shilingi mia barabarani ndiye anayeahidi elfu hamsini kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Hajabadilika moyo. Kule amepewa kadi yenye jina lake, ameandika ahadi, anamfahamu mweka hazina, na anajua atapigiwa simu. Basi mwombeni kwa utaratibu huohuo alioukubali siku zote. Kijana aingie dukani, aamkie kwa heshima, asubiri mteja ahudumiwe kwanza, kisha aseme hivi: "Ninatoka chama cha wazazi wa watoto wenye seli mundu. Jumatano ijayo kuna watoto wanaotakiwa kliniki Bugando, na mmoja anatoka Magu na mama yake. Nauli yao ya kwenda na kurudi ni kiasi fulani. Je, unaweza kuwalipia yote, au nusu yake?" Kiasi hicho kiwe nauli halisi ya wiki hiyo. Kisha anyamaze. Vijana wengi wanaharibu hapo, maana kimya kinawatisha, wakaongeza maelezo hadi mtu anapata nafasi ya kusema "nenda, nitakuita".

Akitoa, aandikiwe stakabadhi yenye nakala ya kaboni, yenye jina lake na saini ya aliyepokea. Akiahidi, ahadi iandikwe na tarehe aliyoitaja mwenyewe.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni kurudi. Baada ya kliniki, kijana yuleyule arudi kwenye maduka yaleyale, bila kuomba chochote, aseme watoto wangapi walifika na fedha iliyobaki ni kiasi gani. Hata yule aliyewafukuza mwanzoni aambiwe. Ni afadhali kuzunguka soko moja kwa mwaka mzima mpaka wafanyabiashara wawajue vijana wenu kwa majina kuliko kupita masoko yote ya Mwanza mara moja.

Na msiende sokoni asubuhi. Mfanyabiashara ambaye hajauza kitu hapendi kufungua siku kwa kutoa. Nendeni alasiri.

Mswahili_London

Nakubaliana na Mama kuhusu kurudi. Nimefanya kazi hii barabarani hapa Uingereza kwa ajili ya mashirika ya hisani, na kwa mtindo tunaoutumia haturuhusiwi hata kupokea fedha taslimu. Tunamsajili mtu awe anakatwa kiasi kidogo kila mwezi katika akaunti yake ya benki, mtindo ambao Greenpeace waliuanzisha nchini Austria katikati ya miaka ya 1990. Siri yake ni kwamba mchango mdogo unaodumu miaka miwili unalishinda fungu kubwa la siku moja, na shirika linaweza kupanga bajeti. Ninyi mnaweza kuwaomba wachache waliokwisha kuwaamini watoe kila mwisho wa mwezi kupitia simu.

Zipo pia kanuni za adabu ambazo zingewafaa. Hapa mwombaji haruhusiwi kumfuata mpita njia zaidi ya hatua chache, wala kumziba njia, na mtu akisema hapana, anashukuriwa na kuachwa. Kanuni hizi zinamlinda mpita njia, lakini naona zinamlinda zaidi mwombaji, kwa sababu kijana anayekazana na mtu asiyetaka anachoka haraka, na wanaomtazama wanajiandaa kumkwepa.

Mhasibu_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nitazungumzia karatasi tu. Kwetu Kenya, pamoja na desturi yetu kubwa ya harambee, kukusanya fedha kutoka kwa umma kunahitaji leseni, na sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 iliwawekea mipaka maofisa waliokuwa wakitumia vyeo vyao kuwalazimisha watu kuchanga. Kwenu, Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri atawaeleza mnachotakiwa kuwa nacho. Kila kijana awe na nakala ya cheti cha usajili, barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa, na kitambulisho chenye picha.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulipuuza. Mtu anapolipa kwa namba ya simu, kabla ya kukamilisha malipo anaonyeshwa jina la anayepokea. Likitokea jina la mtu binafsi, hata awe mwenyekiti mwadilifu kiasi gani, mlipaji anasita, na ana haki ya kusita. Chukueni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti na kwenye fulana.

Mratibu_Nyamagana

Nawashukuru sana, na suala la jina nitalishughulikia wiki hii. Nina maswali mawili ambayo yanatugawa kwenye kamati. Wapo wanaotaka tuwalipe vijana asilimia ya wanachokusanya ili wasikimbie. Wengine wanataka twende na mtoto mmoja mgonjwa, wakisema watu wakimwona watatoa zaidi.

Mhasibu_Kisauni

Asilimia siiungi mkono. Mchangiaji akiuliza, na atauliza, "wewe unapata nini hapo?", kijana atalazimika ama kudanganya ama kueleza jambo litakaloonekana baya hata kama si baya. Walipeni nauli na chakula cha mchana kwa kiwango kimoja kwa wote, kiandikwe kwenye mapato na matumizi, ili kijana aweze kulijibu swali hilo waziwazi.

Mswahili_London

Hapo natofautiana kidogo na Mhasibu. Kijana asiye na kipato hawezi kujitolea miezi sita kwa nauli tu, na aliyezoea kazi anaomba vizuri kuliko mgeni wa kila wiki. Kama chama kinaweza, kiajiri wachache kwa mshahara uliopangwa. Asilimia naikataa pia, kwa kuwa inamfundisha mtu kuwabana wachangiaji.

Mama_wa_Kamati

Kuhusu mtoto, tafadhali msifanye hivyo. Mtoto wa seli mundu akipigwa na jua, akakosa maji na kuchoka, anaweza kupata maumivu makali yatakayomlaza hospitali, yaani mtakuwa mmemuumiza kwa kumtafutia nauli. Tena ana wanafunzi wenzake, ambao kesho watamwita mtoto wa kuombewa. Mzazi aliye tayari kuzungumza na aende yeye, maana mama anayeeleza usiku mmoja wa maumivu ya mwanawe anasikilizwa kuliko picha yoyote. Picha zikitumika, mzazi aridhie kwa maandishi.

Mkienda misikitini, ongeeni kwanza na imamu, na muombe sadaka. Zaka ina wanaostahili waliotajwa katika Kurani, kwa hiyo yeye ndiye atakayewaeleza kama familia zenu zimo. Kanisani vilevile, aanze kujua mchungaji au paroko, na tangazo litoke kwake. Mwezi Januari punguzeni mizunguko, kila mtu ana ada za shule. Huo ndio wakati wa kupita mkiwasomea watu taarifa ya mwaka uliokwisha.