Usaili ni Alhamisi: wakitaka kumpigia bosi wangu wa zamani nijibu nini?

Stoo Kipa
Wakuu, habari za jioni. Nimeitwa usaili wa pili Alhamisi, nafasi ya mtunza stoo, kiwanda kimoja barabara ya Pugu. Kwenye ule wa kwanza dada wa utumishi alinitupia swali nikiwa nimeshasimama naaga: "Mwajiri wako wa zamani tukimpigia hakuna shida, eti?" Nikajibu hakuna shida, huku jasho linanitoka.

Shida ipo. Nimefanya kazi miaka mitatu duka la jumla la vifaa vya ujenzi, eneo la Gerezani, Dar. Mwaka jana mimi na mhasibu tukahesabu mzigo, mabati 14 hayaonekani. Bosi akataka kukata mshahara wangu wote wa mwezi, nikakataa, tukarushiana maneno mbele ya wateja. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikatumikia notisi ya siku 28, stoo nikaikabidhi kwa maandishi. Sikuiba. Ila najua akipigiwa simu ataanza na mabati.

Jamaa yangu ananishauri niweke namba ya shemeji yake, ajifanye ndiye bosi. Mnaonaje?

Kibajaji
Weka yangu mkuu. Nitakusifia mpaka wakupe umeneja. Buku tano tu.

Mama Wawili
Mdogo wangu, huyo shemeji achana naye. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka tisa. Namba ya mwajiri hatuichukui kwa mwombaji peke yake, tunaitafuta kwenye barua ya ajira, kwenye mhuri, hata kwenye kibao cha duka. Kuna kijana alituwekea namba ya "meneja wake". Kupiga tu, tukasikia kondakta anaita Mbagala Rangi Tatu. Kazi alikuwa ameshaipata yule, ikayeyuka pale pale.

Tena tukipiga hatutafuti hadithi ndefu. Alianza lini, aliacha lini, cheo gani, kwa nini aliondoka, halafu lile zito: "Akirudi leo utampokea?" Mtu akikaa kimya kidogo hapo, tunaandika. Sasa kimya cha bosi wako kisitukute hatujui kitu. Tangulia wewe. Waambie kwa sauti ya kawaida: "Mpigieni tu. Tulitofautiana kuhusu upungufu wa mzigo, nikaacha kwa notisi, na hati ya makabidhiano hii hapa. Naomba mumpigie na mhasibu niliyekuwa nahesabu naye." Kisha nyamaza. Ukianza kumsema bosi, sisi tunaosikiliza tunajua zamu yetu inakuja.

Mzee wa Vifungu
Una hati ya utumishi, ile karatasi ya kuthibitisha ulifanya kazi pale? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe hati hiyo ajira inapokoma. Kama hukupewa, mwandikie leo. Na mshahara mzima haukatwi kufidia hasara: unatakiwa ukubali kwa maandishi, uelezwe hesabu na upewe nafasi ya kuipinga, na hata hapo makato yasizidi robo. Kwa hiyo kukataa ilikuwa haki yako. Ila usiende kuwasomea vifungu kwenye usaili, watakuona mtu wa kesi.

Wa Thika
Hata huku Kenya cheti cha utumishi kiko kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51. Lakini ni tarehe, aina ya kazi na mahali ulifanyia, basi. Sheria hailazimishi mwajiri akuandikie sifa, kwa hivyo usizingoje kwa mtu mlikosana. Mimi kabla nipeane namba ya mtu humpigia kwanza, nimwambie kazi ni gani na ni nani atampigia. Ata huyo bosi wako, ungempigia.

Dada Kimya
Samahani kudandia uzi. Mimi bado niko kazini, natafuta chini chini. Wakiuliza je?

Mama Wawili
Sema hivi: "Mwajiri wa sasa hajui, naomba asipigiwe kabla ya kunipa barua ya ajira. Wa kabla yake mpigieni hata sasa hivi." Afisa mwenye akili hachukii. Lakini namba ya bosi wa sasa itoe kwenye CV, usiiweke halafu uombe isipigwe.

Stoo Kipa
Wakuu, nimerudi. Jumatano nilimpigia mzee, simu ikaita mara mbili. Salamu akaitikia kwa shida. Nikamwambia kuna kiwanda kinaweza kumuuliza habari zangu. Akasema: "Nitawaambia ulikuja lini na uliondoka lini. Na mabati nitayasema." Nikamjibu sawa mzee, na mimi nitayasema.

Alhamisi sikungoja swali. Nilipoulizwa kwa nini niliacha kazi, nikatoa hati ya makabidhiano, nikaeleza kama dada Mama Wawili alivyosema. Mmoja wao akaisoma yote, akataka kujua nani alikuwa na funguo za pili za stoo. Hilo sikuwa nimejiandaa. Nikasema ukweli: bosi na mtoto wake. Akaandika kitu, hakuongeza neno. Namba ya mhasibu wamechukua. Nasubiri simu.

Kibajaji
Kwani mabati yalikwenda wapi mkuu?

Stoo Kipa
Ningejua, sasa hivi ningekuwa Gerezani nahesabu misumari.