Naomba ushauri: video za familia niziweke kwenye diski ya boksi la TV, au nizistrimu kutoka kwenye kompyuta?

Ngosha_Buswelu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, huku Buswelu. Nina video za familia zimejaa kwenye kompyuta hadi basi. Kuna harusi za dada zangu na kipaimara cha watoto kwenye DVD, kuna kanda ndogo za MiniDV za marehemu mzee ambazo fundi mmoja wa mjini alinihamishia kwenye kompyuta, na za simu ndiyo usiseme. Jumla inakaribia GB 700.

Sebuleni nina boksi la Android kwenye TV. Limeandikwa GB 8, lakini ukiangalia nafasi iliyobaki hata harusi moja haiingii. Ndugu wakija Krismasi wanataka kukaa kwenye kochi, washike rimoti, wachague wenyewe. Siyo kila saa waniite nichomoe flashi nichomeke nyingine.

Nimeambiwa kuna njia mbili. Ya kwanza, ninunue diski ya nje niichomeke kwenye boksi. Ya pili, video zibaki kwenye kompyuta ya mezani chumbani, boksi lizivute kwa waifai. Hii ya pili shemeji yangu haitaki kabisa, anasema kustrimu kutamaliza bando la mwezi ndani ya wiki. Halafu bi mkubwa yuko Nansio, Ukerewe, naye anazidai. Wazoefu mnanishaurije?

sato_mbichi

Tia zote kwenye flashi kubwa mkuu, mambo ya seva waachie mabenki 😂

FundiWaPasiansi

Mkuu, tuanze na shemeji. Bando haliguswi. Video ikitoka kompyuta ya chumbani kwenda boksi la sebuleni inapita kwenye ruta yako tu, haivuki geti. Toa hata laini ya simu kwenye ruta, harusi itaendelea kucheza. Bando linaliwa pale unapovuta kitu kutoka mtandaoni, na hizi ni zako, zipo ndani. Angalia tu programu utakayotumia, maana nyingine zinataka uingie kwenye akaunti ya mtandaoni kwanza. Jellyfin na Kodi hazina usumbufu huo.

Kinachokuumiza kichwa kiwe kasi ya ndani ya nyumba. Kanda za MiniDV zikihamishwa jinsi zilivyo, picha yake inakwenda Mbps 25 (megabiti 25 kwa sekunde), yaani saa moja ni kama GB 13. DVD ni nyepesi, picha yake haivuki Mbps 9.8. Za simu ndizo zenye kisirani: iPhone ikirekodi 4K ya fremu 30 kwa HEVC (njia ya kubana video, huitwa pia H.265) inakula kama MB 170 kwa dakika, na ikirekodi kwa H.264, njia ya zamani zaidi, ni kama MB 350. Hiyo ya pili ni karibu Mbps 47. Waifai ya GHz 2.4 ikishapita kuta mbili za tofali, hapo utakaa unaangalia kiduara kinazunguka.

Ukiweza vuta waya kutoka kwenye ruta. Tundu la waya kwenye maboksi mengi ya bei ya kawaida ni la Mbps 100, na linatosha kabisa. Ukishindwa, tumia GHz 5, ila ruta isogee sebuleni, maana GHz 5 na kuta haziivi.

Mama Kulwa

Fundi umeeleza vizuri, lakini hukumuuliza swali moja: hiyo kompyuta itakuwa inawashwa na nani? Kwangu tulikuwa na mpango huo huo. Mimi nipo dukani Kirumba, watoto nyumbani wanataka video ya ngoma ya Bujora, kompyuta imezimwa, napigiwa simu katikati ya wateja. Siku umeme unapokatika na kurudi ndiyo kabisa, mpaka mtu aende akabonyeze kitufe, aweke nywila, asubiri.

Tulipohamishia kwenye diski iliyochomekwa kwenye boksi, kelele ziliisha. Umeme ukirudi boksi linajiwasha, video zipo pale pale. Mtu mwenye TV moja sebuleni sioni anastrimu ili iweje. Ukiwa na TV chumbani na nyingine kwa watoto, hapo sawa.

Na wewe sato, flashi za barabarani zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya chee usimshauri mtu. Nyingi ndani hazina hata GB 64, zimechezewa zionyeshe namba kubwa. Inapokea faili zote bila kulalamika. Siku unafungua, majina yote yapo na picha hakuna. Ukinunua yoyote, kabla ya kuweka kitu endesha H2testw kwenye Windows. Inaijaza yote kisha inasoma tena kuhakikisha kila kilichoandikwa kipo.

mzee_wa_Igogo

Ubishi huu wa zamani, vijana. Apple TV ya kwanza, mwaka 2007, ilitoka na diski ya GB 40 ndani, ukiamua unanakili video kutoka kwenye kompyuta, ukiamua unastrimu. Toleo la 2010 wakaitoa hiyo diski, ikabaki kustrimu tu. GB 40 yenyewe ni kanda tatu tu za marehemu mzee wako, ya nne haiingii.

FundiWaPasiansi

Mama Kulwa, kwa TV moja nimekubali, sibishani na wewe. Ila Ngosha, diski yenyewe uichague kwa macho. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500. Diski ndogo za kuzunguka zinapoanza kujizungusha hutaka zaidi ya hapo. Utasikia tik, tik, kwenye TV inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Watu wengi wanairudisha dukani na kugombana na muuzaji bure, kumbe ina njaa ya umeme. Chukua yenye adapta yake ya ukutani, au weka katikati habu yenye adapta.

Na boksi liwe la kusoma tu. Kuongeza na kufuta video fanyia kwenye kompyuta. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, hasa ikiwa imeformatiwa kwa exFAT (mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili), unaweza kukuta orodha nzima ya faili imevurugika.

Ngosha_Buswelu

Asanteni sana wakuu. Kwa kuwa diski sijanunua, nimejaribu kwanza Jellyfin usiku huu. Nimemwita shemeji, nikatoa laini kwenye ruta mbele yake, harusi ikaendelea. Amenyamaza 😂

DVD zote safi. Shida ni kanda za mzee. Feni ya kompyuta inanguruma, picha inakwama kila baada ya muda mfupi. Na kwenye ile ya bugobogobo, wachezaji wakirusha majembe, kingo za majembe zinachanika mistari mistari kama meno ya kitana. Wakisimama, picha inatulia. Kanda zimeharibika?

FundiWaPasiansi

Kanda ni nzima. Boksi halifahamu DV, aina ya video iliyomo kwenye kanda za MiniDV, kwa hiyo Jellyfin inalazimika kubadilisha video hapo hapo wakati mnaangalia, ndiyo maana feni inalia. Mistari inatokana na kamera yenyewe. Kamera za wakati ule za PAL (mfumo wa picha wa TV) zilichukua nusu picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, kisha nusu mbili zinaunganishwa kuwa fremu moja. Kitu kikienda kasi, nusu hizo zinakuwa hazikutani.

Pitisha kanda zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, washa kichujio cha kuondoa mistari, toa MP4 ya H.264. Saa moja ya GB 13 itashuka hadi GB 2 hivi, na boksi litaicheza bila msaada wa kompyuta. H.265 inabana zaidi, ila sijui TV ya Nansio ni ya mwaka gani, hivyo baki na H.264. Faili asili za DV usizifute. Hizo ndizo kanda zako sasa, MP4 ni ya kutazama.

Ngosha_Buswelu

Basi nimeamua: diski yenye adapta kwenye boksi ikae na MP4, faili asili zibaki kwenye kompyuta. Bi mkubwa ana TV ya kawaida tu, hana boksi wala waifai. Nimejaribu kumwekea harusi moja ya GB 6 kwenye flashi, inakataa, na flashi ni ya GB 64 iko tupu.

Mama Kulwa

Flashi yako imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani kuliko exFAT, na hiyo haipokei faili moja inayofika GB 4 hata nafasi iwe tele. TV nyingi za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo usiiformati upya. Kata harusi vipande viwili: kanisani peke yake, ukumbini peke yake. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03, maana TV hizo huzipanga kwa herufi, mama asije akaanza na keki. Na kabla mtu hajapanda nayo meli, hakikisha kila kilichomo una nakala yake nyumbani.