Uwanja wa ndege uliotelekezwa Mufindi: tutajuaje kama kweli ulikuwa wa jeshi?

Mdau_wa_Makambako:
Wakuu, habari zenu. Upande wa Mufindi kuna tambarare ndefu ambayo nyasi zake ni fupi kuliko za pembeni, takriban mita 1,100, na mitaro miwili inaenda nayo sambamba. Wazee wengine wanasema uwanja wa Mjerumani, wengine wanasema wa Mwingereza wakati wa vita vya Hitler. Geti la shamba la jirani limeundwa kwa vipande vya chuma vyenye safu za matundu ya duara. Kikundi chetu kinataka kuukagua na kuandika historia yake. Tuanzie wapi, na tuepuke nini?

Kipimamwinuko:
Mjerumani mtoeni kabisa. Ndege aliyokuwa nayo koloni hili mwaka 1914 ni moja tu, ile ya rubani Mjerumani Bruno Büchner iliyoletwa Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho. Hakuna aliyechimba mitaro Mufindi kwa ajili yake.

Sasa fanyeni hesabu ya urefu, maana ndiyo inayosema ukweli kuliko wazee. Kanuni ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga): ongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi joto la kawaida la mwinuko huo. Mkiwa mita 1,900, nyongeza ya kwanza ni kama asilimia 44. Joto la kawaida huko ni karibu nyuzi 3, kwa hiyo mchana wa nyuzi 22 unaongeza asilimia 19 nyingine. Gawanyeni mita zenu 1,100 kwa 1.44, kisha kwa 1.19: zinabaki sawa na kama 640 za pwani. Zinatosha ndege ndogo. Ndege nzito ya vita yenye mzigo isingenyanyuka hapo. Linganisheni na viwanja vya Daraja A vya Uingereza wakati wa vita: njia kuu ya kurukia mita 1,830, mbili za pembeni mita 1,280, zote zikikatana kwa pembe ya nyuzi 60, na huko ni karibu usawa wa bahari.

Mimi ningeshuku kwanza shamba la chai au misheni. La pili ni njia ya barua: kuanzia Januari 1932 ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilipita Dodoma, Mbeya, kisha Mpika (Zambia ya leo), hadi 1937 safari zilipohamia pwani kwa ndege za majini. Njia ya namna hiyo ilihitaji viwanja vya dharura katikati.

Ramani_Kongwe:
Kabla ya kwenda, fungueni Google Earth mrudishe picha za miaka ya nyuma. Chagueni za Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka. Ardhi iliyoshindiliwa huonekana kwa rangi tofauti. Chukueni na mchoro wa mwinuko. Kwa uwanja mdogo mteremko wa jumla haupaswi kuzidi asilimia 2, yaani mita 22 kwa urefu wenu. Ukizidi sana, pengine ni barabara ya zamani tu.

Kisha tafuteni picha za CORONA, za satelaiti za kijasusi za Marekani za 1960 hadi 1972. Zipo kwenye EarthExplorer, tovuti ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani). Zilizokwisha skaniwa hupakuliwa bure. Kama uwanja umo kwenye picha ya 1967 ukiwa safi, bila njia za ng'ombe kuukatiza, basi bado ulikuwa ukitunzwa. Ramani za 1:50,000 za Wizara ya Ardhi nazo huonyesha viwanja vidogo.

Uwanjani angalieni mashimo mapana yasiyo na kina, ya duara. Vichuguu vikichimbuliwa na kufukiwa vibaya, udongo hutitia baadaye. Makorongo huanzia pale kalvati lilipoziba, kwa hiyo fuateni korongo kurudi juu mtaukuta mtaro wa awali.

Mdau_wa_Makambako:
Asanteni sana. Na lile geti?

Fundi_Chuma:
Pimeni. Bamba la njia za muda za kurukia ndege za kijeshi lina urefu wa mita 3.05, upana sentimita 38, safu tatu za matundu, jumla 87, uzito karibu kilo 30, na ndoano ubavuni za kuunganishia. Vipimo vikilingana, chuma ni cha jeshi. Uwanja bado si lazima. Baada ya vita mabamba haya yaliuzwa kama mabaki na kusafiri mbali. Ushahidi ni kuyakuta ardhini, yamelala uwanjani.

Usalama: msiokote kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa au chupa. Wekeni alama kwa mbali, mjulishe polisi. Mabati yaliyooza juu ya nyasi yanaweza kufunika shimo la mapipa. Vaeni buti ndefu, kifutu hahami kwa kelele.

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, maana ardhi hiyo huenda ina wenyewe. Droni inahitaji kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na cha Wizara ya Ulinzi. Na mkikuta kibao cha eneo la jeshi, hata kilichopauka, geuzeni bila kupiga picha.