Hivi mtu mzima na akili zake anawekaje sufuria la makande juu ya kitabu cha watu?!

Luteni wa Tandika (mwanzisha uzi):

Wakuu, nipo kwenye daladala, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule anayeazima. Ukimwona anakuja na lile tabasamu lake, ficha hadi mswaki. Mwezi wa tatu alichukua kitabu changu, "wiki moja tu kaka, naapa". Leo kaniita kwake nile mchana. Nafika, mkeka umetandikwa, sahani zimepangwa, na katikati sufuria la makande linafuka moshi, sufuria la kulishia kambi nzima ya JKT. Chini ya sufuria kuna kitu. Nikadhani kipande cha ubao. Nikainama.

UHURA.

Amemlaza Luteni Uhura chini ya makande!

Namuuliza, hiki nini? Anapakua tu, hata hanitazami: "Ah, hicho? Hicho si kitabu bwana, hiyo ni tamthilia imechapwa."

TAMTHILIA IMECHAPWA. Sufuria juu, yeye anapakua.

Kitabu chenyewe ni Uhura's Song cha Janet Kagan, cha 1985, namba 21 katika mfululizo wa riwaya za Star Trek, ile tamthilia ya anga ya Kimarekani, uliochapwa na Pocket Books. Uhura ndiye afisa wa mawasiliano wa chombo chao. Nilikisaka miaka minne kwa wauza vitabu vya mitumba Samora, nikakiona chini ya rundo la vitabu vya uhasibu, nikakilipia bila kubishana bei. Humo kuna sayari ya watu wenye manyoya na mikia kama paka, wanakufa kwa tauni, mpaka Dakta McCoy mwenyewe, daktari wa chombo, anaugua. Na njia ya kwenda kwenye dawa imefichwa kwenye nyimbo za kale ambazo Uhura alifundishwa na rafiki yake wa huko. Bunduki haikusaidia kitu, ni nyimbo! Nilipofika hapo mara ya kwanza nilishindwa kulala.

Sasa jalada lina duara jeusi kama jua limepatwa. Gundi imeyeyuka. Sura tatu za mwanzo zimeshikana kama chapati za jana. Nyumba nzima hakuna gazeti? Hakuna kitambaa? Hakuna kata? Sufuria, wakuu. La moto. Juu ya Uhura.

Sijala. Nimeondoka na kitabu changu kwapani, bado cha moto.

Kinyozi wa Mtaa wa Pili: Bila picha huu uzi hauna mashiko.

Dada wa Mwanza: Pole sana kaka. Ila makande yalikuwa na nazi au bila nazi?

Luteni wa Tandika: Dada nakuheshimu, tusiingize nazi hapa.

Mzee wa Antena: Mtu mzima unalia kwa ajili ya Star Trek. Tamthilia yenyewe iliisha 1969, vipindi 79 tu, wenyewe waliifuta. Huyo jamaa kakusaidia.

Luteni wa Tandika: Mzee, wewe ndiye umempa sufuria? Jina Uhura limetoka wapi? Nichelle Nichols mwenyewe, aliyemwigiza Uhura, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili ameshika riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Wakalipenda neno, wakaligeuza kidogo, likawa Uhura. NENO LETU. Limetoka kitabuni likaingia kwenye televisheni, likarudi kitabuni, likaja mpaka Tandika, halafu mtu analiwekea makande!

Msomaji wa Usiku: Naongezea kwa mwanzisha uzi. Jina la kwanza la Uhura, Nyota, nalo lilianzia kwenye vitabu. Liko kwenye kitabu cha wasifu wa wahusika alichoandika William Rotsler mwaka 1982, kwenye filamu likatamkwa 2009. Na Sulu, yule mwendesha chombo, kuitwa Hikaru ni kazi ya Vonda McIntyre kwenye riwaya ya 1981, filamu ikafuata miaka kumi baadaye. Anayesema hivi si vitabu aje hapa tuongee.

Luteni wa Tandika: UMENENA MKUU. Na yeye anapakua tu! Hata kukisogeza hakukisogeza!

Mkunazini: Mie nna langu kuhusu hiyo hiyo Star Trek. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, lile dude linalonyonya chumvi linajigeuza mwanamume, linamsemesha Uhura Kiswahili. Nilikaa mkao wa kula nisikie lugha yangu. Ah bwana we! Kiswahili kile kama mtu kaweka muhogo wa moto mdomoni. Watu wa Unguja tungeombwa tungekwenda kuwafundisha bure.

Buda wa Nakuru: Wueh, Mkunazini mmeanza tena. Sisi wengine tukiongea mnasema ni muhogo, dude la anga likiongea ni muhogo. Nani basi huongea vizuri?

Mkunazini: Sikutaja Nakuru miye. Umejitaja mwenyewe.

Mzee wa Antena: Mimi nasema wazi, kama ni vitabu vya televisheni, Doctor Who, ile tamthilia ya Waingereza, ndiyo baba yao. BBC walifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, vipindi vikapotea. Watoto wa Uingereza wa miaka ya 1970 kanda za video hawana, marudio ni kwa bahati, wakawa wanasoma vile vitabu vya Target vilivyosimulia vipindi hivyo. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Kuna hadithi leo picha yake hakuna, kitabu kipo.

Luteni wa Tandika: Mzee si ulisema natoa machozi bure? Sasa fikiria hicho kilichobaki peke yake kimewekewa sufuria.

Mzee wa Antena: Doctor Who hapana. Huyo ningempeleka kwa mjumbe.

Fundi Feni: Ngojeni kwanza. Huyu mnayemsema ni yule mrefu kidogo, anayecheka kabla hujamaliza sentensi? Huyo ana feni yangu toka 2019! Alisema mama mkwe anakuja. Mama mkwe gani anakaa miaka yote hiyo?

Dada wa Mwanza: WEEE! Mimi ana kinu changu na mchi. Nilipodai akanijibu "dada, siku hizi watu wanatumia blenda".

Kinyozi wa Mtaa wa Pili: Mashine yangu ya kunyolea. Alinirudishia waya.

Luteni wa Tandika: Jamani uzi huu ni wa sufuria. Kitabu kina miaka arobaini, kimevuka bahari, na kurasa zimebanduka. Kuna anayejua kutenganisha kurasa zilizoshikana bila kuzichana? Nauliza kwa dhati.

Fundi Feni: Waya mkuu! Afadhali wewe umeona waya. Mimi hata panga moja la feni sijaona.

Buda wa Nakuru: Na kwani kila mtu hapa anamjua huyu jamaa? Mbona mnampa vitu?

Dada wa Mwanza: Ana maneno matamu, ndugu yangu. Na makande yake, nisiseme uongo, ni matamu. Anatia nazi tui la kwanza.

Mkunazini: Makande kwa tui la kwanza? Mtu huyo si wa kutupwa.

Kinyozi wa Mtaa wa Pili: Anapikia mkaa au gesi?

Fundi Feni: Mkaa. Jiko nalo la kuazima. La shemeji yangu.