Jokeri na pea mbili: nani kaonewa?

Wakuu wa kusini, salaam. Juzi jioni huku Shangani, Mtwara, tulikaa barazani kucheza poka, dau letu korosho zilizovunjika kwenye kubangua. Si hela, ila ugomvi wake ulikuwa wa hela. Nina wafalme wawili na malkia wawili, yaani pea mbili. Jirani yangu ana tisa mbili, saba, nne na jokeri, karata inayogeuzwa kuwa yoyote. Akazilaza: "Tisa tatu hizo!" Akazoa bakuli lote.

Sasa naomba hukumu. Karata tatu za namba ileile zinaipiga pea mbili kwa sababu ni adimu. Kwa karata 52, ukigawiwa tano, pea mbili zinaweza kutokea kwa njia 123,552. Tatu kwa njia 54,912 tu. Haki. Mwingize jokeri mmoja, kila mwenye pea anayemwokota anapanda hadi tatu. Tatu zinafika 137,280, na pea mbili zimebaki 123,552 zilezile. Yaani nimepigwa na kitu kilichozagaa kuliko changu!

Mchangiaji, Mikindani: Si mgeuze tu, pea mbili iwe juu?

Mwenye mada: Nimelipigia hesabu hilo, mkuu. Ukigeuza, jirani hasemi tena tisa tatu. Atasema "tisa mbili, saba mbili", jokeri kawa saba. Mikono 82,368 inahamia huko: pea mbili 205,920, tatu zinarudi 54,912. Umepandisha ya kawaida, umeishusha adimu. Hakuna mpangilio unaokubali, maana mchezaji humvalisha jokeri nguo inayolipa.

Mchangiaji, Lindi: Mbona kasino wanaye?

Mwenye mada: Wanaye, lakini kwa akili. Kwenye mashine za poka ambazo karata za namba mbili zote nne ni jokeri, pea na pea mbili hazilipi kitu. Malipo yanaanzia tatu. Kwenye pai gow, aina nyingine ya poka ya kasino, jokeri ni A tu, au akamilishe mfululizo au tano za aina moja, kopa tupu kwa mfano. Kwa sharti hilo jirani angebaki na tisa mbili na A. Nami nasema tumfunge hivyo hivyo.

Mchangiaji, Lindi: Jokeri wa masharti wa nini? Raha yake ni kumwangusha mwenye wafalme. Ungemshika wewe, ungeleta hizi hesabu?

Mwenye mada: Nisingeleta. Ila korosho nazidai.