Nargis wa Mother India, kwanini aliacha picha akiwa juu kabisa?

MjukuuWaVuga

Asalaam aleikum wadau, habari za jioni. Jana nilikuwa kwa bibi yangu, mtu wa Unguja, kazaliwa na kukulia Mji Mkongwe, nikamwekea ile picha ya Kihindi, Mother India, kwenye TV maana kila nikienda anaiulizia. Basi kuanzia pale mwanzo yule mama mzee anapookota bonge la udongo na kuliweka usoni, bibi kimya, chai imepoa mbele yake hajaigusa. Ilipofika pale Radha, yule mama anayechezwa na Nargis, anakokota plau mwenyewe kwa bega lake nikamuona anajifuta macho na ncha ya kanga, ananiambia "ndo Nargis huyo, kama huyo hakuna tena." Bibi Kihindi hajui hata salamu lakini nyimbo zote anaimba mpaka mwisho wa beti.

Usiku nikaingia mtandaoni nimsome huyu mama. Kila ninapofungua naletewa Raj Kapoor aliyecheza nae picha nyingi, mara mumewe Sunil Dutt, mara kesi za mwanawe Sanjay Dutt, yeye mwenyewe kama vile yupo pembeni tu ya habari za wanaume. Kilichonigusa zaidi ni hiki, Mother India imetoka 1957, kaolewa Machi 1958, na baada ya hapo ni kama kazi imekwisha. Ana miaka 28 tu jamani! Alikatazwa na mume? Au ndo zilikuwa desturi za wakati ule? Wazee mnaozijua picha za zamani nisaidieni, nataka nikirudi kwa bibi niwe na la kumwambia.

Babu_wa_Avalon

Waaleikum salaam mjukuu, umenigusa kweli. Mimi wa Dar, enzi zetu sinema za Avalon, Empire, Odeon, Chox, zote nimeingia, na Nargis namjua kama ninavyojua ndugu zangu.

Kwanza jina lake siyo Nargis. Kazaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929 akiitwa Fatima Rashid. Mama yake Jaddanbai, huyu nae ungemtafutia uzi wake peke yake, alikuwa mwimbaji mkubwa, akatunga muziki wa filamu wakati ambao kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, akawa na kampuni yake ya kutengeneza picha. Kwa hiyo mtoto kakulia humohumo kwenye taa na kamera. Mwaka 1935 akiwa na miaka 6 kashaonekana kwenye picha ya mama yake, Talashe Haq. Mwenyewe akitaka kusoma udaktari, hili linajulikana, lakini akiwa na miaka 14 mwongozaji wa picha Mehboob Khan akamchukua kuwa steling wa kike kwenye Taqdeer, 1943, na udaktari ukaishia hapo.

Halafu ukaja mwaka 1949. Mwaka huo mmoja kafiwa na mama yake, na mwaka huohuo zikatoka Andaz, yupo katikati ya Dilip Kumar na Raj Kapoor, na Barsaat. Ile nembo ya RK, studio ya Raj Kapoor, mwanamume kashika fidla mkono mmoja na mkono wa pili kamkamata mwanamke aliyelala nyuma, imetoka kwenye Barsaat na huyo mwanamke ni yeye. Na Raj Kapoor mwenyewe alikuwa akisimulia siku ya kwanza alivyomuona, kaenda kwao kumtafuta Jaddanbai, mlango kafungua Nargis katoka jikoni anakaanga bajia, mkono umejaa unga wa dengu, akaupitisha kwenye nywele bila kujua na unga ukabaki kichwani. Zaidi ya miaka 20 baadae Raj akaiweka vilevile kwenye Bobby, 1973, yule binti anafungua mlango na mkono wa unga. Ukiiona Bobby umemuona Nargis.

Picha 16 wamecheza pamoja wale wawili. Mwekee bibi Awaara ya 1951 umuangalie Rita, ndo Nargis huyo, yule ni wakili, anavaa joho anasimama mahakamani kumtetea kijana aliyeshtakiwa, na anayemhoji pale kizimbani ni jaji aliyemlea yeye mwenyewe. Mwanamke wakili kwenye picha ya 1951! Na hapigi makelele, waigizaji wengi wa wakati ule walikuwa wanaigiza kama wako jukwaani, mikono juu, yeye anakutazama tu na wewe ushaelewa. Awaara ilifika mpaka Urusi ya Wasovieti, watu wakaipenda kule kama tulivoipenda sie huku.

Binti_Kisauni

Babu umeeleza vizuri mashallah ila swali la kijana hujalijibu, ngoja nilijibu mimi maana hili suala la "kakatazwa na mume" linaniudhi kila nikilisikia.

Hebu fanyeni hesabu. Kaanza kuonekana kwenye picha ana miaka 6. Steling ana miaka 14. Anafika 1957 ana miaka 28, lakini kazini ana miaka zaidi ya 20! Mtu wa kawaida akifanya kazi miaka 20 na kitu akasema nimechoka nataka nyumba yangu na watoto wangu, tunamwambia hongera kastaafu. Yeye kwa kuwa ni mwanamke na mzuri ndo tunatafuta mwanaume aliyemkataza. Na tangu utotoni alikuwa anasaidia kulisha familia, hakuwa anachezea picha kujifurahisha.

Pili, kwa Raj Kapoor alishaondoka mwenyewe kabla ya harusi. Raj alikuwa na mke, bibi Krishna, na watoto, na huyu binti katoa ujana wake wote kwenye studio ile. 1956 akafunga ukurasa ule. Mehboob Khan, yuleyule wa Taqdeer, akampa Mother India, picha ya nje ya RK, na ikawa ndo kubwa kuliko zote alizocheza.

Sasa moto. Ile sehemu ya marundo ya nyasi kuungua haikuwa taa za studio, ni moto kweli, wanapiga picha Gujarat mwanzoni mwa Machi 1957. Upepo ukageuka, Nargis akazungukwa na moto, watu wamebaki kupiga kelele. Aliyeingia kumtoa ni Sunil Dutt, kijana aliyekuwa anacheza kama Birju, mwanawe kwenye picha. Kaungua usoni na kifuani, akalala na homa, na aliyekaa pembeni ya kitanda kumuuguza ni Nargis. Mwaka mmoja baadae, 11 Machi 1958, wakaoana. Na yule "mama" na "mwana" mnajua walipishana umri kiasi gani? Nargis 1 Juni 1929, Sunil Dutt 6 Juni 1929. Siku tano! Mtu wa miaka 27 kacheza bibi harusi, kacheza mjane aliye hai mumewe, kacheza bibi kizee mwenye mvi, na ukimtazama mgongo wake kila umri una mgongo wake. Mimi nimeirudia mara nyingi ile kumtazama mgongo tu.

Na hakuacha moja kwa moja. Nduguze walikuwa na picha inaitwa Raat Aur Din, ikachukua miaka mingi mpaka kumalizika, ikatoka 1967. Humo ni mke wa mtu mchana, mtulivu, usiku anakuwa mtu mwingine kabisa, anaenda kwenye vilabu na kesho hakumbuki. Ile ikampa Tuzo ya Taifa ya muigizaji bora wa kike, na ndo mwaka wa kwanza tuzo hiyo kutolewa India. Sasa huyo ndo aliyekatazwa?

MjukuuWaVuga

Dada Kisauni nimekoma, siku tano kweli?? Nimemsomea bibi kwa simu sasa hivi kanyamaza kidogo halafu kasema "ndo maana akimtazama kile kitoto anakitazama vile." Bibi anasema yeye aliiona kwenye sinema ya Sultana, onesho la wanawake peke yao, na walitoka mle macho mekundu wote wamefunika uso na mabuibui, mtu asijue nani kalia zaidi.

Kipanga_wa_Makadara

Bibi yako anasema kweli kabisa, hata Mombasa maonesho ya kina mama peke yao yalikuwepo, mama yangu alikuwa hakosi. Na watu wanauliza kwanini pwani yote ikapenda picha ile wakati lugha hatuijui. Mimi naona ni lile deni. Kina Radha wanadaiwa rupia 500, wazee wa kijiji wanaamua robo tatu ya mavuno iende kwa Sukhilala, yule mkopeshaji, kama riba, mwaka kwa mwaka, na deni lenyewe liko palepale. Nani huku alihitaji tafsiri ya hilo? Babu yangu minazi yake iliwekwa rehani, alikuwa akimuona Sukhilala anatukana kwa sauti ndani ya sinema. Halafu mwisho mama anampiga risasi mwanawe aliyemzaa, kwa ajili ya heshima ya binti wa yuleyule mdai. Watu walitoka pale wanabishana mpaka nyumbani, kafanya sawa au hakufanya.

Na nyimbo ndo usiseme, taarabu ya Mombasa imekula kwenye mahadhi ya Kihindi miaka mingi, msikilizeni marehemu Juma Bhalo mtayatambua.

Niongeze kidogo. Kwa Mother India Nargis alipata tuzo ya muigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, Chekoslovakia, 1958, na picha yenyewe ikaingia kushindania Oscar ya filamu za kigeni, ikapitwa na ya Italia. Mwaka huohuo serikali yao ikampa nishani ya Padma Shri. Baadae 1980 akateuliwa kuingia bungeni, Rajya Sabha. Huko ndo alimsema Satyajit Ray, mwongozaji wa filamu wa Kihindi, kwamba anauza umaskini wa India nje. Hapo mimi nampenda lakini simuungi mkono, maana umaskini wa Radha nao ulikuwa umaskini uleule.

Binti_Kisauni

Kipanga hapo tunaelewana. Ila msisahau kazi aliyofanya kwa watoto wenye mtindio wa ubongo kule Bombay, alikuwa mlezi wa kwanza wa chama chao, na wakati ule watoto wale walikuwa wanafichwa ndani.

Na mwisho wake jamani. Saratani ya kongosho, wakampeleka New York hospitali ya Sloan Kettering, miezi kitandani. Kafariki Bombay tarehe 3 Mei 1981, bado mwezi kasoro atimize miaka 52. Picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay, Rocky, ilikuwa itoke wiki ileile. Siku ya kuonyeshwa wakaacha kiti chake kitupu. Mimi huwa nikifika hapo nazima simu. Mwaka uliofuata Sunil Dutt akaanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa wa saratani kwa jina la mkewe.

MjukuuWaVuga

Hapo kwenye kiti sijamsomea bibi. Nimemwambia tu kaugua akafariki, akasema "Mungu amrehemu" akauliza nini kinafuata. Kesho nakwenda na Awaara, babu mwenye kopi iliyo safi naomba uniambie maana niliyoipata sauti inakwaruza, na bibi anataka asikie zile nyimbo vizuri.