Siku 9 kaskazini-mashariki mwa India: Meghalaya, Kaziranga au Tawang?

Mtembezi_Chumbageni
Heshima zenu wakuu. Nikimaliza shughuli zangu Kolkata nabaki na siku 9. Nimeshika nafasi ya ndege Kolkata–Guwahati, mwisho wa kulipia ni kesho jioni. Kutoka Guwahati sijajua nielekee wapi: Meghalaya kwenye madaraja ya mizizi, Kaziranga kwa vifaru, au nipande Tawang kule milimani Arunachal. Nikivipata vyote vitatu ndiyo raha zaidi. Mnanishaurije?

Mzee wa Ramani
Mwezi gani? Mko wangapi? Pasi ya nchi gani, viza ya aina gani? Bila hayo tunakupigia ramli tu.

Vyote vitatu kwa siku 9, futa. Guwahati–Tawang peke yake ni siku mbili za gari, unalala Bomdila au Dirang, kisha mbili za kurudi. Handaki la Sela lililofunguliwa Machi 2024 limepunguza adha ya theluji pale juu, lakini barabara ya mlima ni ile ile ya kona.

BintiMvita
Meghalaya, wala usiumize kichwa. Guwahati–Shillong, mji mkuu wa Meghalaya, ni kilomita 100 hivi, saa tatu. Unapanda Sumo, gari la kugawana viti, linaondoka likijaa. Shillong–Sohra ni kama 55 nyingine. Sohra ndiyo ile Cherrapunji ya vitabu vya jiografia: kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 ilipimwa mvua ya milimita 26,461.

Na yale madaraja hayajengwi, yanakuzwa. Mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu (Ficus elastica) inaelekezwa ng'ambo ya kijito ndani ya shina la mpopoo lililopasuliwa na kuchimbwa kama mtaro. Ikifika ng'ambo inazikwa, inashika, inanenepa. Anayeanza kazi hiyo ni baba, anayevuka kwa raha ni mwanawe.

Kifaru Mmoja
Madaraja utayaona kwenye picha. Kaziranga sensa ya 2022 ilihesabu vifaru 2,613, wa pembe moja, ngozi imekunjamana kama deraya. Chukua ukanda wa Bagori, upande wa magharibi: mbuga ya wazi yenye vidimbwi, hawajifichi. Kohora ndiko kwenye magari mengi. Kutoka Guwahati ni saa nne au tano.

Mtembezi_Chumbageni
Samahani wakuu, nilisahau. Niko peke yangu, pasi ya Tanzania, e-viza ya utalii. Natua Guwahati tarehe 12 Juni.

Kifaru Mmoja
Juni! Najiondoa. Hifadhi hufungwa kuanzia Mei hadi Oktoba. Mto Brahmaputra unafurika, wanyama wanavuka barabara kuu kupanda vilima vya Karbi Anglong. Ukiletewa tangazo la "safari ya Kaziranga Juni", muulize anayeuza utaingia kwa geti gani.

Mzee wa Ramani
Na Tawang nayo imekwisha. E-viza haikufikishi Arunachal, mgeni anahitaji ruhusa ya eneo la ulinzi, nayo kwa kawaida hutolewa kwa kundi la kuanzia watu wawili kupitia wakala aliyesajiliwa. Wewe uko mmoja. Na asije mtu akakupeleka Nagaland kwa maneno ya zamani: Nagaland, Manipur na Mizoram walikuwa wameondolewa sharti hilo, likarudishwa Desemba 2024. Pasipo na ruhusa ni Assam (jimbo la Guwahati na Kaziranga), Meghalaya na Tripura.

FundiNjia
Kwa hiyo imebaki Meghalaya, kwa Juni? Mnampeleka kijana kwenye utelezi.

Kinachowaharibia watu ni ile ratiba ya "Nongriat siku moja kutoka Shillong", kijiji chenye daraja la mizizi la ghorofa mbili. Inakwenda hivi. Dereva anakuja saa tatu asubuhi, kifungua kinywa njiani, maporomoko mawili ya kupiga picha, mnafika Tyrna, kijiji ambako ngazi zinaanzia, saa sita. Kutoka hapo hadi daraja la ghorofa mbili ni ngazi zaidi ya 3,000, nyembamba, zimeota mwani. Kushuka saa mbili, na magoti yanaanza kutetemeka kabla hujafika chini. Katikati kuna madaraja ya nyaya za chuma yanayocheza, hapo mnasubiriana. Mnafika saa nane na nusu, mnakula wali, mvua inashuka. Sasa ngazi zimekuwa mfereji, na kupanda kunataka saa tatu. Saa kumi na mbili na robo jua limezama, uko katikati ya msitu, simu haina mtandao, na dereva juu anahesabu pesa za kusubiri.

Dawa ni kulala Nongriat kwenyewe, nyumba za wageni zipo. Panda asubuhi. India nzima inatumia saa moja, kwa hiyo huku mashariki Juni kumepambazuka tangu saa kumi na nusu alfajiri. Begi kubwa liache Sohra.

BintiMvita
Hapo kwenye kulala tuko pamoja, ila usimtishe na mvua. Juni ndipo maporomoko ya Nohkalikai, mita 340 za kuporomoka, panapokuwa na maji ya kutazamwa. Ukikuta ukuta mweupe wa ukungu, usiondoke. Kaa, hufunguka dakika chache kisha hufunga tena. Pia utaona wakulima wamevaa *knup*, ngao ya mianzi na majani inayofunika kichwa na mgongo, mikono ikibaki huru kulima. Mwavuli hauwezi hilo.

Ila Dawki iache. Ule mto Umngot wa maji ya kioo ni wa Novemba hadi Machi, Juni ni rangi ya chai ya maziwa. Ruba wapo, vaa soksi ndefu na ubebe chumvi. Magoti yakiwa mabovu nenda daraja la Riwai karibu na Mawlynnong, ngazi ni chache.

Kifaru Mmoja
Tarehe 21 unarudi Guwahati, siyo? Ambubachi Mela, sikukuu ya hekalu la Kamakhya pale Guwahati, huanza tarehe 22 hivi, mahujaji wanajaa mji. Chumba karibu na stesheni kishike mapema.

SadikiWete
Nyinyi mmesahau chakula. Jadoh ya Wakhasi, wenyeji wa Meghalaya, ni wali uliopikwa na nguruwe, wakati mwingine na damu yake. Asiyekula aulize kabla ya kukaa. Na Jumapili Shillong wengi wako kanisani, maduka na Sumo ni vya kubahatisha, usipange kusafiri siku hiyo.

Wakikukaribisha nyumbani utapewa *kwai*: popoo, tambuu na chokaa. Kama kwetu.

Mzee wa Ramani
Si kama kwetu. Yetu popoo ni kavu. Ile yao ni mbichi au iliyolowekwa, asiyezoea anatokwa jasho masikio yote na kizunguzungu juu. Anza na kipande cha ukucha.

Mtembezi_Chumbageni
Nimesoma zote. Sijalipia bado. Nikisogeza mpaka Novemba si napata na vifaru?

Kifaru Mmoja
Ndiyo nilichotaka kusikia.

BintiMvita
Na maporomoko utayakuta yamekuwa uzi.

SadikiWete
Wakhasi wa zamani walipima safari kwa idadi ya kwai zilizotafunwa njiani. Tyrna mpaka Nongriat ni kwai ngapi?

FundiNjia
Kushuka tatu. Kupanda usitafune kitu.